Zikri ya Koo

Mimi sikujaliwa kukaa. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilizaliwa kwa kutanguliza miguu kwa sababu tayari nilikuwa na safari zangu. Nauza na kushona maturubai ya malori hapa Manika, mtaa wa Kolwezi, na hata sindano ikiwa mkononi nashona nimesimama. Ukoo wetu ulitoka Kasongo, kule Maniema, ukaja Kolwezi na malori ya baba, na wote, wakubwa kwa wadogo, wamenirushia "haraka haraka haina baraka" mpaka methali yenyewe imenichosha.

Mama alikuwa kinyume changu. Kila Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, wanawake walikuja sebuleni kwetu, wakavua viatu mlangoni, wakasimama duara wakishikana mikono, naye akawaongoza katika zikri hadi karibu na alasiri. Alikuwa khalifa wa wanawake, yaani shehe wa tarika alimpa mkono na idhini ya kuwakusanya wenziwe na kuwafundisha. Baba alipofariki, lile duara ndilo lililomsimamisha tena. Mimi, binti yake, sikuliweza. Nikishikwa mkono huku na huku, ndani yangu kitu kinaanza kupiga mateke. Nilitoka nje kuangalia maji ya gari, nikarudi hadi mlangoni, nikatoka tena. Wanawake walinicheka kwamba mimi ndiye mlinzi wao, wakasema, "Mutoto wa khalifa njo mulinzi wa biatu."

Zikri yetu haina ngoma wala dufu. Huanza kwa kulitaja jina la Mungu polepole, kila mtu akiinama kidogo mbele na kurudi. Kisha mwendo unaongezeka, herufi zinadondoka moja moja, mpaka jina linabaki pumzi tupu inayokwaruza koo, kutoka chini kabisa ya kifua: hhu, hhu, hhu. Mpita njia asiyejua hudhani nyumba nzima imeshikwa na kikohozi. Wenyewe tunaiita zikri ya koo.

Bibi mzaa mama alikuwa na maelezo yake kuhusu asili ya koo hilo. Alisema tarika ilitoka kwa walii wa Baghdadi, ikafika pwani, ikavuka ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara na watumwa wao, na watumwa ndio walioishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndani ya duara hakuna anayeulizwa baba yake ni nani. Halafu wakaja Wabelgiji, nao hawakupenda kuona Waislamu wamekusanyika. Basi bendera ya tarika ikashonewa ndani ya godoro, madufu yakafukiwa, watu wakabaki na koo tu. Koo halisikiki mbali, na askari akibisha hodi unamwambia una mafua. Shehe wetu alicheka kila akiisikia hadithi hiyo. Alisema zikri ya koo ilikuwapo pwani kabla Mbelgiji yeyote hajaiona Kasongo. Sijui nani alikuwa mkweli. Najua tu kwamba bibi aliipenda hadithi yake, na mama aliinyonya pamoja na maziwa.

Hapa Kolwezi nako wako wasioipenda. Kuna vijana waliosoma ng'ambo wanaosema ni uzushi, na kuna shehe mmoja wa mtaani aliyesema sauti za wanawake zinatoka hadi barabarani. Ndiyo maana Ijumaa mama alifunga madirisha yote na kushusha mapazia. Halafu lilikuwapo vumbi. Malori ya shaba hupita kwetu kutwa, gari la maji hulowesha njia na jua hulikausha lile tope kabla hujamaliza kuosha vyombo. Kwa hiyo chumba kilikuwa kimefungwa kabisa, kimejaa watu, na hewa ile ile ilizunguka kifua hadi kifua.

Mwaka ule mama alianza kupungua. Nikimuuliza anasema amefunga, na kweli alikuwa na mazoea ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Akikohoa baada ya zikri, wanawake walisema Mungu amemfungulia kifua. Ikafika mahali zikri ikiisha yeye anaendelea peke yake, ameinama, ameshika ukuta, na wengine wanasimama kimya kwa adabu, wakinong'onezana kwamba mama khalifa amezama, yuko katika hali, roho yake imechukuliwa na Mungu. Bikizee mmoja wa duara alilia kwa wivu, akasema umri wote huu yeye hajawahi kufika pale. Nadhani hakuna watu wengine Kolwezi nzima ambao wangekosea namna ile. Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, mama wa kanisa asiyejua tarika wala khalifa, ndiye aliyeniuliza, "Mama yako anakohola sana, mulienda ku opitali?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba ile ni ibada.

Halafu ikaja Jumanne. Nilikuwa napeleka turubai Kasulo, kwa watu waliochimba shimo la madini uani kwao na kulifunika ili vumbi na macho ya watu visiingie. Mama alipenda kupanda nami kwenye pikapu. Siku nyingi tulizunguka pamoja, vioo vimepandishwa hadi juu kwa sababu ya vumbi, yeye na tasbihi yake, mimi na matusi yangu kwa waendesha pikipiki. Siku hiyo, kabla hatujafika, akaanza kukohoa. Kilikuwa ni kikohozi kile kile cha Ijumaa, kutoka chini ya kifua, kikikwaruza. Ila Jumanne hakuna zikri, na hakukuwa na jina la Mungu lililokitangulia.

Alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akaikunja haraka.

"Mama, fungua kitenge."

"Angalia njia."

"Fungua, mama."

Hakufungua, lakini nilikuwa nimeshaona wekundu. Nikageuza gari pale pale katikati ya barabara, watu wakanipigia honi na kunitukana, nikampeleka kituo cha afya na turubai la watu nyuma.

Majibu ya makohozi yalisema kifua kikuu. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mtu wa kusema jambo mara moja. Alitueleza kwamba dawa ni za bure, zitamezwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kwamba majuma ya kwanza mama avae barakoa na kulala chumba chake, madirisha wazi. Kisha akasema, "Na bote benye banapumua naye mu chumba kimoya, bakuye tubapime." Mama alimeza dawa za kwanza mbele yake, akamshukuru, akamwombea dua. Tulipofunga milango ya gari akasema:

"Dawa nitakunywa. Mè bale banamuke, usibaambie."

Wanawake wa duara wasiambiwe? Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza kuhusu mmoja wao. Katika duara kulikuwa na mama mmoja kijana, mgeni kabisa katika tarika, ambaye mume wake alikuwa mchimbaji. Alikuja kila Ijumaa na mtoto mchanga mgongoni, na mama alimsimamisha kulia kwake kwa sababu alimpenda. Mtoto yule alilala usingizi wake wote ndani ya zikri, uso wake mdogo karibu na bega la mama yangu.

"Na ule mwenye mutoto ku mugongo?" nilimuuliza.

"Nitamuombea."

"Kuomba si kupima, mama."

Alikuwa na hoja zake, na ninaziandika kwa haki ingawa zilinipandisha hasira. Alisema wakisikia ndio mwisho wa duara. Watu watasema zikri inaleta kifua, na yule shehe wa mtaani atasimama mbele ya msikiti na kusema si niliwaambia. Wajane wale hawana pengine pa kwenda ambako wanaitwa dada. Akasema tena kwamba mtu wa tarika hufunika hali yake, hatembezi ya moyoni sokoni. Hapo nikamkatiza. Nilimwambia wanaofunikwa na adabu hiyo ni wenye karama, anayefanya muujiza akanyamaza, si mwenye maradhi. Nikamrushia na "mficha maradhi kifo humuumbua", maneno aliyokuwa akimwambia baba alipokuwa anaficha sukari yake.

"Ile nilikufundisha mi mwenyewe," alisema.

"Basi nitabaambia mi."

Nilipozima gari nyumbani akanishika mkono. "Ukisema weye, mi nitakuwa mwizi mwenye balikamata. Uniache nikuwe muntu mwenye alirudisha."

"Basi rudisha mbele ya Ijumaa."

Aliingia ndani, akajifungia chumbani kwake.

Siku zile sikuwa mtu. Nilishona turubai zima upande usiofaa, nikalifumua, nikaliacha. Niliendesha hadi kwa yule mama kijana, nikasimama mbele ya lango lake, nikamsikia mtoto akicheka ndani, nikaondoka bila kugonga. Nilijichukia kwa kuondoka na nilimchukia mama kwa kunifanya niondoke. Nikirudi nyumbani namkuta ameketi kitandani, dirisha wazi kama alivyoagizwa, tasbihi inakwenda kidoleni, nami nasimama mlangoni kwake na kumwangalia kwa hasira. Nilitamani kumwuliza hiyo hesabu yote anaipeleka kwa nani. Kwa wanawake wake alikuwa akisisitiza kila mtu aihoji nafsi yake kabla haijahojiwa. Alhamisi jioni nilimwambia kesho nitasimama mlangoni na hapatapita mtu. Akasema, "Nimesikia," basi.

Ijumaa nilisimama kweli, mikono kiunoni, viatu vyangu miguuni. Lakini mama alinitangulia. Alikuwa ameburuta mikeka hadi uani, akaitandaza mbali na kiti chake, na amevaa barakoa. Wanawake walipoingia langoni walidhani kuna msiba.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya mikono kushikana, kila mmoja humgeukia jirani yake na kumwomba msamaha, ili asiingie mtu katika duara na kinyongo. Mama aliwaambia wakae. Akasema leo ataanza yeye, na hatampa mtu mkono.

"Niko na bugonjwa ya kifua," alisema. "Ile kukohola yangu hapana hali. Ni bugonjwa. Nilianza kuona damu mbele ya Ramazani, na nikanyamaza. Niliogopa. Niliogopa mutanikimbia, nikaona afazali kunyamaza. Minaomba munisamehe. Na hata mukikatala, muende mupimwe, sababu tulipumua pamoja."

Lori lilipita nje, vumbi likatuangukia, hakuna aliyejifuta. Yule bikizee aliyelia kwa wivu alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mmoja, mjane anayeuza mafuta ya mawese sokoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Tangu mbele ya Ramazani, mama khalifa?" Mama akaitika kwa kichwa. Mama kijana alisimama. Alimtoa mtoto mgongoni, akamtazama usoni muda mrefu, akamfunga upya kifuani badala ya mgongoni, akachukua viatu vyake mkononi na kutoka langoni miguu mitupu. Mama alimfuata kwa macho tu.

Nilidhani wote wangeinuka. Wawili waliinuka, wakasema wana kazi nyumbani. Waliobaki walikaa, na nasema wazi kwamba nilishangaa. Yule muuza mawese alisema, "Nimekasirika sana. Nitakusamehe, mè sio leo." Mama akamwambia ni haki yake. Hapakuwa na zikri. Walikunywa chai yao kila mtu na mawazo yake, wakapanga kwenda kituoni Jumatatu asubuhi, na mimi nitawapeleka na pikapu.

Jumatatu waliketi nyuma ya gari juu ya maturubai yangu, vitenge puani kwa ajili ya vumbi, mama akakaa nami mbele, safari hii vioo vimeshushwa. Pale kituoni mama kijana alikuwa ameshafika kwa pikipiki, peke yake na mtoto, amesimama mwisho kabisa wa ua. Alitusalimia sote kwa pamoja, bila kumwangalia mtu.

Muuguzi aliwagawia vikopo, akawapanga nyuma ya jengo, kwenye hewa. Akawaeleza kwa sauti yake kubwa kwamba hataki mate. Wavute pumzi mpaka chini, waizuie, kisha wakohoe kutoka tumboni, si kooni juu juu. Alisema watu wengi hawawezi, huchukua asubuhi nzima. Wale wanawake wakatazamana. Muuza mawese akainama kidogo, akavuta pumzi, na mwingine akamfuata, na mwingine. Hhu, hhu, hhu, wote kwa mwendo mmoja, kwa sababu hawajui kufanya mmoja mmoja. Wagonjwa wa benchi la mbele wakaja kuchungulia. Vikopo vilijaa kabla muuguzi hajamaliza kuvaa glovu. "Ninyi mulijifunza wapi?" aliuliza, na hapo bikizee akashindwa kujizuia, akacheka, wakacheka wote, hata mama ndani ya barakoa yake. Mama kijana hakucheka. Lakini naye alikuwa amepumua pamoja nao, kule mwisho wa ua.

Mimi nilikuwa nimeegemea gari, nazungusha ufunguo kidoleni, nataka tuondoke. Muuguzi akanielekezea kidole.

"Na weye?"

"Mi ni shofa."

"Shofa anapumua na nini?"

Wanawake wakacheka tena. Nikachukua kikopo. Nilivuta pumzi, nikakohoa, yakatoka mate. Nikajaribu tena, mate. Miaka yote nimesimama mlangoni nikiisikia na sikuwahi kujua inatoka wapi. Mama alisogea hadi mahali aliporuhusiwa, akaweka kiganja juu ya kifua chake, akakishusha polepole hadi tumboni, akanitazama. Nikafanya anavyofanya. Mara ya tatu kikaja kitu.

Nyani haoni kundule. Juma zima nilikuwa nawaza mtoto yule, wajane wale, hata shehe wa mtaani na maneno yake, na mtu niliyekaa naye ndani ya gari lililofungwa vioo mwaka mzima nilimsahau kabisa, yaani mimi mwenyewe. Majibu yalipotoka, wanawake wote walikuwa salama. Mtoto alipewa dawa za kinga, kwa kuwa watoto wadogo hupewa hata wakiwa wazima. Muuguzi aliniita mimi ndani na kufunga mlango nyuma yangu. Kikohozi changu, kumbe, nilikuwa nacho. Nilikuwa nakiita vumbi.

Niliogopa sana. Mtu wa kukimbia kama mimi, na ghafla cha kukimbia kiko ndani ya mbavu zangu. Nilimeza dawa zangu mbele yake, nikasaini, nikaendesha hadi nyumbani polepole kuliko nilivyowahi kuendesha.

Ijumaa iliyofuata wanawake walikuja, si wote. Mama kijana hakuja, na hajarudi tena mpaka leo. Tukikutana sokoni ananiuliza hali ya mama, mimi namuuliza ya mtoto, anasema amenenepa, tunaachana. Walianza zikri yao uani bila kiongozi, wakatoka nje ya mwendo, wakasimama, wakaanza upya. Mama na mimi tulikuwa ndani, yeye kwenye kitanda chake na mimi kwenye kiti karibu na dirisha lililo wazi, sote na barakoa kwa ajili ya wale wa nje, tumekaa pamoja maana sisi wenyewe sasa hatukuwa na cha kuambukizana.

Sikuwa nimemwambia kwa maneno. Alikuwa amekiona kile kifurushi cha dawa mezani, kinachofanana na chake, na siku zote hizo alikuwa akikizunguka bila kukigusa. Nje wakaanza tena, safari hii wakashikana vizuri.

"Mi njo nilikupatia," alisema.

Nilisimama. Nilienda hadi mlangoni, nikarudi. Nikasema ni vumbi. Nikasema wateja wangu wa Kasulo wanakohoa wote, nani ajuaye nimeipata wapi, hata yule muuguzi hakusema. Niliongea haraka haraka, nikipanga na kupangua mito ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Hapana," mama alisema. "Mi nilibaambia bale bote kweli. Usinifichie mi."

Nikaacha mito. Nikaketi kitandani kando yake, magoti yetu yakagusana, nikamtazama.

"Njo vile, mama," nikamwambia. "Ni weye."

Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, nami nikamshika mikono yote miwili. Wanawake walimaliza zikri, wakavaa viatu, wakatuaga kupitia dirishani na kuondoka, na mimi nilikuwa bado nimekaa.